Simu ni yetu, kazi ni ya Leta: nani analipa mega?



Siku zilizopita tulikaa na mwalimu mmoja wa masomo ya msingi, juu ya kilima kimoja huko Kabare. Jina lake hatutalitaja, wala jina la masomo yake, kwa sababu bado anataka kufundisha kesho. Alitosha kijitabu mfukoni, kile cha watoto cha mistari, akatufungulia. Ku ukurasa mmoja alikuwa ameandika matumizi ya mwezi: mega franka 2.000. Kuchaji 500. Mega 1.000. Kuchaji 500. Mega 2.000 tena. Kubadilisha kioo cha simu, ile hakuandika bei, alipiga tu mstari chini yake mara mbili. Mwisho wa ukurasa: kutosha mshahara, na pembeni yake pesa ambayo ajenti alikata.

Tulimuuliza kwa nini anaandika. Alisema alianza siku direkta aliwaambia kwamba tangu sasa mwaliko wa mikutano, hesabu ya watoto waliokuja na waliokosa, picha za matayarisho ya masomo, vyote vitapita kwenye grupe ya WhatsApp. Asiye kwenye grupe hajapata habari, asiyepata habari hakuja mkutanoni, na asiyekuja mkutanoni anaandikwa. Simu yake aliinunua ya okazyo kwa shemeji yake, akailipa kwa mara tatu. "Nilifikiri nimenunua simu ya kuongea na watoto wangu walio Bukavu," alituambia. "Kumbe nilinunua biro ya direkta."

Tulicheka pamoja naye. Kisha kwa njia, tukishuka kilima, hatukucheka tena, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na dada, mama ao mjomba mwenye biro kama ile mfukoni.

Hatukumbuki siku mambo haya yalianza. Hakuna waziri aliyesimama ku televisheni na kusema: kuanzia leo, mfanyakazi wa Leta atakuja kazini na chombo chake mwenyewe. Yaliingia pole pole. Mwaka 2018 Ebola ilipoanguka Kivu ya Kaskazini na Ituri, habari za wagonjwa zilihitaji kukimbia haraka, na kile kilichokuwa karibu ni simu ya muganga. Mwezi wa tatu mwaka 2020 masomo yakafungwa juu ya korona, na walimu wakaambiwa wasipoteze watoto, kwa hiyo wakatumia simu zao. Ilikuwa ni dharura, na watu walitoa vyao bila kuhesabu. Ebola ya wakati ule ikaisha, korona ikapita, dharura haikurudi nyumbani. Ilikaa ndani ya simu zetu na sasa inaitwa "utaratibu wa kazi".

Tuseme wazi mapema, kwa sababu tunajua kuna wenye watasema vijana hawa wanataka turudi ku tamtam. Hatuchukii simu. Tuko kizazi cha simu. Maneno haya mwenyewe unayasoma kwenye simu, na pengine mega uliyosomea umeikopa. Kile tunachokataa ni kitu kimoja: mwenye kuamrisha kazi hatoi chombo, hatoi mega, hatoi umeme, lakini chombo kikikosekana anayeadhibiwa ni mwenye kufanya kazi.

Tuanze na waganga, kwa sababu kwao deni hili linalipwa na watu wengine tena.

Wengi hawajui namna habari ya ugonjwa inavyosafiri. Kila wiki, kituo cha afya kinapaswa kupeleka ku biro kubwa ya zoni ya afya hesabu ya magonjwa yanayofuatiliwa: kolera, surua, homa ya manjano, watoto waliopooza ghafla, vifo vya wamama wakati wa kuzaa. Zoni inakusanya, inapeleka ku provinsi, provinsi inapeleka Kinshasa. Kila mwezi tena kuna ripoti kubwa ya kituo ambayo inaingizwa ndani ya mashini. Karatasi bado ziko, register bado ziko, lakini wiki ikifika mwisho, zoni haingoji karatasi ishuke na piki. Zoni inangoja ujumbe. Na ujumbe unatoka ku simu ya nani? Ya muganga mkubwa wa kituo, ile ile ambayo mke wake anatumia kuuliza bei ya unga.

Dada mmoja anayefanya kazi upande wa Kalehe alitueleza vile anavyofanya. Ku kituo chake rezo haifiki vizuri. Jumatatu asubuhi anapanda mpaka penye muti mkubwa juu ya shamba la jirani, ananyosha mkono, anangoja. Kama mvua imenyesha na jua haikuchaji panneau ya jirani, simu imezima, anangoja mpaka kesho yake. Siku moja alikuwa na wagonjwa watatu wa kuharisha maji kama maji ya mchele. Anajua kolera, ameiona mara nyingi, ziwa letu Kivu linaijua pia. Mega hakuwa nayo. Mshahara hakuwa ameupata, na kusema kweli, kuko waganga wengi ambao hawajawahi kuupata kabisa, wanaishi na kile wagonjwa wanalipa. Alikwenda kukopa franka 1.000 kwa mwenye kuuza sukari. Yule mwenye kuuza sukari alikuwa amekwenda sokoni. Habari ya kolera ilikaa nusu siku ikingoja mtu arudi sokoni.

Ndugu wasomaji, nusu siku ku kolera si kitu kidogo. Mtu mzima mwenye kolera kali anaweza kufa kwa masaa machache asipopewa maji na chumvi. Kwa hiyo tukisema "nani analipa mega?", hatuongelei tu mfuko wa dada yetu. Tunaongelea mama ambaye anabeba mtoto mgongoni kutoka kijiji kingine na bado hajui kwamba maji ya mto ule yamekwisha kuharibika.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Siku ya kampeni ya chanjo, wageni wanakuja ku kituo kile kile na magari. Kila mmoja ana tableti ya kazi, batri ya akiba, mega zimekwisha kulipwa mpaka mwisho wa mwezi. Wanaandika watoto ndani ya tableti, wanamaliza, wanaondoka na tableti zao. Hatuwalaumu, kwao njo namna kazi inavyotakiwa kuwa. Kwa hiyo inawezekana. Pesa ya mega inajulikana vizuri ndani ya bajeti za watu wengine. Ni ndani ya bajeti ya Leta tu ndiyo haipatikani.

Sasa mshahara. Hapa tunaomba watu watusikilize mpaka mwisho, kwa sababu hatutaki kusema uongo juu ya wakati wa zamani. Wazee wetu wanakumbuka kontabli aliyekuwa anapanda na mfuko. Alifika wakati alipotaka, alikata alichotaka, kwa wengine hakufika kabisa, na ndani ya liste yake kulikuwa watu waliokufa ambao waliendelea kulipwa. Wakati Leta ilianza kupitisha mishahara ku mabanki, kuanzia mwaka 2011, wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ku vijiji ambako banki haiko, mishahara ilipita kwa Caritas, ku baadhi ya pembe ikapita ku simu. Tukisema pesa ya simu ni mbaya, tutakuwa tunamtetea kontabli na mfuko wake, na sisi hatumtetei.

Lakini tuangalie kile kilichotokea kwetu. Vita ilipofika Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, mabanki yalifunga milango. Miezi ilipita yakiwa yamefungwa. Mtu aliyekuwa na pesa yake ku konti, pesa ya jasho, hakuweza kuigusa isipokuwa kupitia simu. Siku ile simu iliacha kuwa njia moja kati ya njia, ikawa mlango peke yake. Na penye mlango mmoja kila mara kuna mtu anasimama na kuomba kitu. Pesa ya karatasi ilikuwa imepunguka mjini, ajenti alikuwa anaitafuta kwa shida, akaanza kuomba yake juu ya ile kompanyi inakata. Mwalimu anakatwa mara ya kwanza na sheria ya kompanyi, mara ya pili na njaa ya ajenti. Akipinga, ajenti anamwambia: nenda banki basi. Ni maneno tuliyoyasikia kwa masikio yetu, tukiwa ku mstari pamoja na walimu, na watu wakacheka kicheko kile cha kukosa cha kufanya.

Na asiyekuwa na simu? Kuko mama mjane, mwalimu, ambaye simu yake iliibiwa usiku wa kelele ya risasi. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa kitambulisho cha marehemu bwana yake, kama vile watu wengi walifanya. Kurudisha namba ile kunaomba kitambulisho, kitambulisho kinaomba biro, biro imefungwa. Mshahara wake uko, jina lake liko ndani ya liste, kila mtu anakubali kwamba ni yeye. Simu tu njo haikubali.

Mambo haya hayako kwa wafanyakazi peke yao. Mtoto wa kidato cha mwisho akimaliza mtihani wa Leta, matokeo yake leo anayatafuta ku simu, anatuma ujumbe na kodi yake, na ujumbe ule unalipwa. Tunajua namna inavyokuwa siku ile: mitaa yote inapiga kelele, unga mweupe juu ya vichwa, na kuko nyumba moja iko kimya si kwa sababu mtoto ameanguka, ila kwa sababu hakuna mwenye simu yenye krediti. Mtoto anakwenda kwa jirani, jirani anaona matokeo mbele yake. Mtihani ni wa Leta, mtoto amelipa kushiriki, karatasi yake Leta njo inakaa nayo. Kwa nini kujua kama umefaulu ni bidhaa inauzwa? Mtu abandike liste ku mlango wa masomo siku ile ile, na simu ibaki kwa wenye haraka.

Watatuambia: leo kila mtu ana simu. Tunajibu kwanza kwamba si kweli, na wanaosema hivyo hawajapanda Kabare. Nchi yetu ina umeme kwa karibu mtu mmoja kati ya watano. Simu isiyochajiwa ni jiwe. Ndani ya nyumba nyingi kuna simu moja, na inatembea na baba. Mama akiambiwa "tulikutumia ujumbe", ujumbe ule ulikwenda sokoni, ukaenda ku pombe, ukarudi usiku. Tena simu si moja. Kuko ile ndogo ya kubonyeza ambayo inakaa siku nne bila umeme, na kuko ya tach ambayo inakula mega hata ikiwa imelala. Bakubwa wakisema "simu" wako wanafikiri yao.

Kisha tunajibu kwamba hata kama kila mtu angekuwa nayo, bado ni yake. Mwenye nyumba akiwa na kiti, si sababu ya masomo kukosa kununua viti.

Mnakumbuka RAM. Ile taksi ilianzishwa mwaka 2020, wakasema ni ya kuandikisha simu zetu na kutulinda na simu za uongo. Ilikuwa inakatwa moja kwa moja ndani ya krediti, kati ya dola 1 na dola 7 kwa mwaka kufuatana na aina ya simu. Unanunua krediti ya kumpigia daktari, unaamka, imekwisha. Raia walipiga kelele, vijana waliingia barabarani, wabunge wakamwita waziri kumuuliza maswali, na mwaka 2022 ikafutwa. Wakati ule tulijifunza kitu: Leta inajua vizuri sana kuhesabu simu zetu wakati ni kuchukua. Inajua ni ya aina gani, inaingia mpaka ndani kukata franka. Lakini wakati ni kulipa mega ambayo mwalimu ametumia kwa kazi yake, simu ile ile inakuwa kitu cha mtu binafsi, haionekani tena. Hatuwezi kukubali macho ambayo yanaona upande mmoja tu.

Na mkono unaotutuma ku simu njo mkono unaoikata. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, ikarudi karibu tarehe 20 Januari 2019. Mwezi wa Januari 2015 ilikatwa pia wakati watu walikuwa barabarani. Wakati ule tulilia juu ya demokrasia. Leo tukikatwa tutalia juu ya demokrasia, na juu ya mshahara, na juu ya ripoti ya kolera, vyote siku moja. Kama Leta inataka kuweka huduma zake zote ndani ya waya, kwanza iache kisu.

Sasa tufike ku jambo ambalo watu wanaliongea kwa sauti ya chini.

Simu ya mtu ina maisha yake yote. Ina picha za watoto, ina maneno aliyosema na mke wake, ina sala, ina deni. Mkubwa wa kazi akikutia ndani ya grupe yenye watu mia mbili, namba yako imekuwa ya watu mia mbili. Dada zetu wanajua kile kinachofuata: saa nne ya usiku, "umelala?", kutoka kwa mtu ambaye kesho atatia sahihi ku likizo yake. Hakuna anayeuliza kama alikubali namba yake itolewe. Ukitoka ndani ya grupe, umedharau kazi.

Tena simu ya muganga ina majina ya wagonjwa. Iko na picha za kidonda zilizotumwa kwa daktari ili atoe shauri. Iko na liste ya wasichana waliobakwa ambao wanafuatiliwa. Halafu muganga huyu anafunga kituo saa kumi, anapanda piki kwenda nyumbani, na kwa njia kuna bariera. Tunaoishi huku hatuna haja ya kueleza. Mtu mwenye silaha ananyosha mkono: leta simu, fungua. Anafungua picha, anafungua ujumbe, anauliza huyu ni nani, kwa nini unaandika hesabu ya watu, unamtumia nani. Hesabu ya watoto wa surua inaweza kuonekana kama hesabu ya kitu kingine kwa mtu ambaye anatafuta sababu. Watu wamepigwa kwa chini ya hapo. Mfanyakazi akibeba register ya Leta, ina muhuri, inaonyesha ni nini. Akibeba kazi ya Leta ndani ya simu yake, iko peke yake, bila muhuri, bila karatasi ya kumtetea. Wengi sasa wanafuta kila kitu kabla ya kutoka kazini. Kesho zoni inauliza: ripoti ya wiki ile iko wapi? Imefutwa ili mtu afike nyumbani.

Katiba yetu, ku article 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri na siri ya barua na mawasiliano yake. Mwaka 2023, tarehe 13 Machi, nchi ilipata sheria kubwa ya mambo ya numeriki, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Ni sheria nzuri kuisoma. Sheria ya kazi, hiyo ni ya mwaka 2002, ilirekebishwa mwaka 2016. Wakati inaandikwa WhatsApp ilikuwa haijazaliwa. Katikati ya sheria mpya ambayo hakuna direkta ameisoma na sheria ya zamani ambayo haikuweza kujua, mwalimu wa Kabare ananunua mega.

Kuhusu masomo ya bure tuseme neno moja, ingawa linaweza kuchukua ukurasa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure, kama katiba inavyotaka ku article 43, na sisi tuliunga mkono. Lakini kitu cha bure kinalipwa na mtu fulani. Mzazi ameacha kutoa, Leta haileti pesa ya kuendesha masomo inavyopaswa, na kile kinachobaki katikati kinatoka kwa mwalimu: chaki, na sasa mega.

Kile tunachodai si mambo makubwa, na mengine hayaombi hata dola moja.

Tunadai kila ripoti ambayo Leta inaomba ku simu iwe na pesa yake iliyoandikwa, hata kama ni kidogo, ndani ya pesa ya kuendesha kituo ao masomo, na ifike. Makompanyi ya simu yanajua kufanya flote, ile ya namba za kazi zinazopigiana bila kulipa; madukani makubwa na mashirika wanayo tangu zamani. Zoni ya afya nzima inaweza kuingia ndani ya flote moja. Namba za kutuma habari za kolera na ugonjwa wowote wa hatari ziwe bure kabisa, zifanye kazi hata ku simu ndogo ya kubonyeza isiyo na mega, na serikali iyaombe makompanyi hivyo wakati wa kutoa na kurefusha ruhusa zao za kazi, si kuyabembeleza kila mara ugonjwa ukianguka. Simu moja ya kituo, ya kituo, inayolala ndani ya kabati ya kituo pamoja na register, si gharama ya kuangusha nchi.

Tunadai karatasi ibaki. Mwaliko wa mkutano ubandikwe mlangoni. Liste ya matokeo ibandikwe. Asiadhibiwe mtu yeyote kwa sababu hakuona ujumbe. Hili direkta anaweza kulifanya kesho asubuhi na kipande cha skochi.

Tunadai mshahara uwe na zaidi ya mlango mmoja, na pale ambapo ni simu tu imebaki, gharama ya kutosha ilipwe na anayelipa mshahara. Mtu akiahidiwa pesa fulani, aishike mkononi pesa ile, si ile ile kutoa mikono ya kwa njia. Wanaotawala Kinshasa na wanaotawala huku kwetu kwa nguvu ya silaha, sote tunajua hawaelewani juu ya kitu, lakini mwalimu anakatwa kwa wote wawili.

Na kwa wakubwa wa kazi, wale tunaopishana nao kila siku ku barabara: namba ya dada yetu si ya kutangaza. Omba ruhusa yake kwanza. Saa ya kazi ikiisha, acha simu yake ipumzike.

Watu fulani watasoma hapa na kusema, vita iko inaua watu, ninyi mnaongelea mega. Tumelifikiri hilo, na tulibishana kati yetu kabla ya kuandika. Mmoja wetu alisema tungoje amani. Mwingine, ambaye mama yake ni muganga, akamjibu kwamba mama yake hakungoja amani ili anunue mega. Alinunua wakati wa mabomu, akatuma hesabu ya waliojeruhiwa, na hakuna mtu aliyemrudishia hata franka. Baada ya pale hatukubishana tena.

Kuanzia Jumatatu tutapita ku masomo na ku vituo vya afya vile tunavyoweza kufikia kwa mguu, na vijitabu kama kile cha mwalimu wa Kabare. Kila mfanyakazi anayetaka aandike mwezi mmoja: mega, kuchaji, kutosha mshahara, simu iliyoharibika. Jina si lazima, andika kazi yako na eneo tu. Mwisho wa mwezi tutajumlisha mbele ya watu wote, uwanjani, kwa sauti, na jumla ile tutaipeleka kwa karatasi ku biro za wanaohusika, na tutaomba watie muhuri kwamba wameipokea.

Usitutumie picha ya kijitabu ku WhatsApp. Tunza mega yako. Tutapita kukichukua sisi wenyewe.